Gurudumu la Mbele: Kisa cha Jangwa la Alvord

Jumanne tarehe 27 Agosti 2019, gari lenye umbo la ndege ya kivita lilikuwa likilikata Jangwa la Alvord, kusini-mashariki mwa jimbo la Oregon, Marekani, kwa kasi iliyokaribia maili 550 kwa saa. Hizo ni kama km 885. Aliyekuwa usukani ni Jessi Combs, mwanamke wa miaka 39, na shabaha yake ilikuwa rekodi ya wanawake ya kasi ya nchi kavu, iliyodumu tangu 1976. Aliipata. Siku hiyohiyo gari lilimshinda, likapinduka na kuwaka moto, naye akafariki.

Uchunguzi wa ofisi ya sherifu wa Kaunti ya Harney ulifikia jambo moja ambalo ukilisoma haraka linaonekana dogo mno kwa msiba wa ukubwa ule. Ulisema kwamba yaelekea gurudumu la mbele liliharibika, na huenda ni kwa sababu liligonga kitu jangwani. Injini haikutajwa kuwa chanzo, wala upepo. Ni gurudumu, na kitu kilichokuwa juu ya ardhi.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi kuliko visa vingine vya mchezo huu, na kila mara ninaishia kwenye sentensi ile ya gurudumu. Watu wengi wakikisimulia huishia kwenye ujasiri wa dereva. Ujasiri ulikuwepo, hilo halina mjadala. Ila ujasiri haushiki bolti.

Kwanza gari lenyewe. Liliitwa North American Eagle, na mwili wake ulikuwa kiunzi cha ndege ya kivita aina ya F-104 Starfighter. Ed Shadle na Keith Zanghi, waanzilishi wa mradi, walikinunua mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenye yadi ya skrepa jimboni Maine, kwa dola 25,000 hivi. Bei ya gari la mtumba, kwa kiunzi cha ndege iliyowahi kuruka kwa kasi iliyozidi ya sauti. Waliondoa mabawa, wakatengeneza ekseli na magurudumu, wakafunga injini ya jeti ya J79 ya General Electric, jamii ileile iliyoisukuma F-104 angani. Gari lilitoka na urefu wa mita 17 na uzito wa kama tani 6. Lengo lao lilikuwa kubwa: kuivunja rekodi ya dunia ya nchi kavu, ile ya Andy Green na gari la ThrustSSC ya tarehe 15 Oktoba 1997 katika Jangwa la Black Rock, Nevada, maili 763.035 kwa saa. Hiyo ni km 1,228, juu ya kasi ya sauti.

Mradi huu ulikuwa wa ridhaa, na neno hilo lisimpotoshe mtu. Sisi tukisikia mchezo wa ridhaa tunafikiria timu ya mtaani inayovaa jezi za kuazima. Hawa walikuwa mafundi na wahandisi wenye uzoefu wa miaka mingi, waliojitolea jioni zao, likizo zao na pensheni zao. Ridhaa hapa ni kwamba hakuna aliyelipwa mshahara, hakuna kiwanda nyuma yao, na kila dola iliombwa kwa wafadhili. Maana yake ni kwamba siku za kukimbia huwa chache. Unafanya kazi mwaka mzima kwa ajili ya siku kadhaa jangwani, na siku hizo zikiharibika kwa mvua au kwa hitilafu, unasubiri mwaka mwingine. Shadle mwenyewe hakuyaona ya 2019. Alifariki Septemba 2018 baada ya kuugua saratani.

Combs aliingia kwenye mradi akiwa na jina lake tayari. Alizaliwa South Dakota, akasomea ufundi wa magari katika chuo cha WyoTech, na watazamaji wa televisheni wa Marekani walimjua kama fundi anayechomelea vyuma na kuunda bodi kwa mikono yake. Mwaka 2007 mtambo mzito ulimwangukia kazini na kumvunja uti wa mgongo, akakaa miezi akijiuguza kabla ya kurudi karakana. Namtaja hivi kwa sababu baada ya ajali yalisemwa maneno mengi ya kumfanya aonekane msichana wa matangazo aliyepewa gari la wanaume. Huyo alikuwa mtu ambaye ukimpa kiungio kilichochomelewa anakuambia kitakatikia wapi.

Kasi yake ilipanda hatua kwa hatua. Mwaka 2013, hapohapo Alvord, alifikisha maili 398 kwa saa na kuipita rekodi ya wanawake ya gari la magurudumu manne, maili 308.506, ambayo Lee Breedlove aliiweka Bonneville, uwanda wa chumvi wa jimbo la Utah, mwaka 1965. Mwaka 2016 alifika 477. Mwaka 2018 alifika 483, kisha hitilafu ikakatisha kazi. Iliyobaki ilikuwa rekodi ya jumla ya wanawake, isiyojali idadi ya magurudumu: maili 512.710 za Kitty O'Neil, mwigizaji wa matukio ya hatari ambaye alikuwa kiziwi tangu utotoni. Naye aliiweka jangwa lilelile, Desemba 1976, kwa gari la roketi la magurudumu matatu.

Hapa tusimame kidogo tupige hesabu, maana kutoka 483 hadi 550 kunaonekana kama kuongeza mafuta kidogo tu. Kasi imepanda kwa asilimia 14. Lakini nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachokwenda hupanda kwa mraba wa kasi, na mvuto unaotaka kulipasua gurudumu linalozunguka hupanda vivyo hivyo. Asilimia 14 ya kasi inageuka kuwa karibu asilimia 30 ya mzigo. Gurudumu lililorudi salama kutoka 483 halijafaulu mtihani wa 550. Limefaulu mtihani mwingine, mwepesi zaidi.

Chukua gurudumu la mfano, si la Eagle, lenye kipenyo cha sm 80. Kwa km 885 kwa saa, ambazo ni mita 246 kila sekunde, gurudumu hilo linazunguka karibu mara 98 kwa sekunde. Kipande cha chuma kilicho kwenye ukingo wake kinavutwa kuelekea nje kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 15,000. Gramu 10, uzito wa sarafu moja au mbili mfukoni mwako, zinavuta kama mzigo wa kilo 150. Na hicho ni kipande kimoja tu. Ukingo mzima unavuta hivyo, pande zote, kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu magari haya hayavai tairi za mpira. Mpira ungejirusha wenyewe vipandevipande. Eagle ilikuwa na magurudumu ya alumini tupu.

Sasa alumini tupu ina deni lake. Tairi ya mpira ikipanda kokoto, inabonyea, inaimeza, inaendelea. Dereva wa daladala anajua: jiwe dogo hulihisi kwenye usukani na safari inaendelea. Gurudumu la chuma halina pa kubonyea. Kokoto ikikutana nalo kwa mita 246 kwa sekunde, kimoja kati ya viwili kitavunjika, na kisipovunjika kitaacha kovu. Kovu kwenye chuma ambacho kila gramu yake inavuta kama nilivyoeleza ni mwanzo wa ufa.

Ufa nao hauonekani kwa jicho. Mafundi wa ndege wana njia ya kuutafuta, na timu za mbio hizi huitumia pia. Unaosha chuma mpaka kisiwe na tone la grisi. Unapuliza rangi nyekundu nyepesi kama mafuta ya taa, unaiacha dakika kadhaa ijipenyeze. Unafuta kwa kitambaa mpaka chuma king'ae tena, kama vile hujafanya kitu. Kisha unapuliza unga mweupe juu yake, unasubiri. Kama kuna ufa, rangi iliyojificha ndani inanyonywa na unga, na polepole mstari mwekundu, mwembamba kama unywele, unajichora mbele ya macho yako. Niliwahi kusimama karibu na fundi akifanya hivyo kwenye karakana moja ya ndege ndogo. Hakusema neno. Aliuona mstari, akaweka kile kipande pembeni, akachukua kingine. Kazi hiyo inahitaji muda na utulivu, na inakuambia hali ya chuma kabla ya kuondoka tu. Haikuambii kitakachokutana nacho njiani.

Njia yenyewe, basi. Alvord ni ziwa kavu, kama km 19 kwa 11, chini ya mlima Steens. Mvua ya mwaka mzima huko ni haba, lakini masika na baridi maji hutandaa juu ya uso, kisha yakikauka huacha tope gumu lililonyooka kuliko uwanja wowote uliosakafiwa. Mtu akisimama katikati haoni kilima, haoni mti. Ni ardhi ya umma. Watu hupiga kambi pale, huendesha magari yao ya kawaida, husukumwa na upepo kwenye vigari vya matanga. Mtu akipoteza spana, au kigingi cha hema, au kipande cha mbao alichokaangia nyama, hakuna anayejua, na hakuna aliyemkosea mtu. Kwa anayepita kwa km 60 kwa saa, kigingi ni kitu cha kukwepa. Kwa mita 246 kwa sekunde, muda wa kupepesa jicho mara moja unakuhamisha zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Dereva haoni. Hata angeona, mikono yake ingechelewa.

Hapo ndipo mimi ninatofautiana na wanaosema ajali ile ilikuwa bahati mbaya, basi. Bahati mbaya ni jina tunalolipa jambo ambalo hatukulihesabu kuwa sehemu ya mtambo. Kwa kasi ndogo, gari ni gari na barabara ni barabara. Kwa kasi hizi ardhi ni kipuri. Unaweza kukagua bolti zote za gari, ukavaa suti ya kuzuia moto, ukafunga mikanda sita, na bado umeacha kipuri cha urefu wa kilomita nyingi bila kukipima kwa vidole. Sisemi timu ile haikutazama njia yake. Sina sababu ya kudhani hivyo, na waliijua Alvord kwa miaka. Nasema kwamba kwa kasi ile, kutazama hakutoshi.

Ripoti ilikuwa na jambo la pili ambalo wengi walilipita. Ilieleza kwamba Combs alifariki kwa majeraha ya kichwa, kabla ya moto. Ni maneno mazito kuyaandika, lakini kwa anayetaka kujifunza yana uzito wake. Tunapozungumzia usalama katika mchezo huu, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye moto: suti, glavu, chupa za kuzimia moto, muda wa kutoka ndani ya gari. Yote ni ya lazima, na yameokoa watu. Ila hapa yasingebadilisha kitu. Gari la tani 6 kwa mwendo ule lina nguvu ya mwendo karibu mara 375 ya gari dogo la tani moja na robo linalokwenda km 100 kwa saa. Nguvu hiyo lazima iende mahali. Ikimwagika polepole, kwa parachuti na breki na umbali, dereva anashuka na kunywa maji. Ikimwagika ghafla, kofia ngumu haina la kufanya.

Linganisha na dereva mwingine wa mbio hizi, George Poteet. Mwaka 2014 gari lake, Speed Demon, lilimtoka Bonneville, Utah, kwa kasi ya maili 370 hivi. Lilibiringika. Poteet alitoka akiwa hai, na mwaka 2020 alirudi uwandani na kuendesha hadi maili 470. Gari lake lilikuwa jembamba, la chini, lenye kizimba cha vyuma kilichojengwa kumzunguka yeye tangu siku ya kwanza ya ubunifu. Sitaki kulazimisha ulinganisho. 370 na 550 si kasi moja, na kwa mraba wa kasi mzigo wa pili ni zaidi ya mara mbili ya wa kwanza. Lakini kuna swali la haki hapo. Kiunzi cha ndege kimebuniwa ili kiwe chepesi na kiruke. Rubani wa F-104 akipatwa, njia yake ya kuokoka ni kiti kinachomrusha nje. Ukikigeuza kiunzi hicho kuwa gari, unarithi umbo linalokata upepo vizuri, na unarithi pia mwili ambao mbunifu wake hakuwahi kufikiria ubiringike ardhini.

Kuhusu kanuni. Rekodi za kasi ya nchi kavu hupimwa kwenda na kurudi, halafu unachukuliwa wastani, ili anayesukumwa na upepo upande mmoja aulipe upande mwingine. Shirika la kimataifa la michezo ya magari, FIA, linataka mbio zote mbili ziishe ndani ya saa moja. Ni kanuni ya haki. Lakini ifikirie kwa macho ya fundi. Gari la jeti limesimama mwisho wa njia, breki zinafuka moto. Ndani ya dakika zisizofika sitini unatakiwa uligeuze, ujaze mafuta, ukunje parachuti upya, usome vipimo vya kompyuta, na ukague magurudumu ambayo ndiyo kwanza yametoka kwenye mzigo mkubwa kuliko wote waliowahi kuubeba. Ile rangi nyekundu na unga mweupe haviingii kwenye ratiba hiyo. Na njia uliyopita si ileile tena. Magurudumu ya chuma hukata gamba la juu na kuacha mabonge yaliyolegea. Wanaojua kazi hii hawapiti mstari uleule mara mbili. Husogea pembeni, kwenye ardhi mpya, ambayo nayo inataka kusafishwa kama ya kwanza.

Vilabu vikongwe vya mchezo huu vimejifunza kuweka vizuizi mbele ya hamu ya mtu. Southern California Timing Association, chama kilichoanza mwaka 1937 na kinachosimamia Speed Week, juma la mbio za kasi la Bonneville, tangu 1949, hakimruhusu mgeni kuja na gari la maili 300 akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Leseni hupandishwa ngazi kwa ngazi. Gari hukaguliwa kabla halijasogea, na dereva huonyesha kwamba anaweza kufungua mikanda na kutoka mwenyewe bila kusaidiwa. Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kwamba wanajua kuahirisha. Mwaka 2014 maji yalitanda juu ya chumvi, Speed Week ikafutwa. Mwaka 2015 chumvi ilikuwa mbovu, ikafutwa tena. Watu walikuwa wameshatumia pesa, wengine wamesafiri kutoka ng'ambo ya bahari, na bado jibu lilikuwa hapana. Timu moja inayokimbia peke yake jangwani haina mtu wa nje wa kuiambia hapana. Inajiambia yenyewe, siku ambayo mwaka mzima umeielekea siku hiyo.

Juni 2020 Guinness, watunza rekodi za dunia, walithibitisha rekodi ya Combs: maili 522.783 kwa saa, sawa na km 841.338, wastani wa mbio mbili za tarehe 27 Agosti. Alimpita O'Neil kwa maili 10 tu. O'Neil mwenyewe alikuwa amefariki Novemba 2018, kwa hiyo hakuna kati yao aliyeshuhudia jina likibadilishwa.

Kuna kipande kingine cha habari ambacho mimi hukiweka kando ya kisa hiki, ingawa hakikutokea Marekani. Bloodhound, gari la Waingereza lililolenga rekodi ya dunia, lilichagua kukimbilia Hakskeen Pan, ziwa kavu katika jimbo la Northern Cape, Afrika Kusini. Ziwa lile lilikuwa limejaa mawe. Serikali ya jimbo iliajiri watu 317 wa jamii ya Mier, wenyeji wa pale, wayaokote. Hawakuwa na mtambo wa maajabu. Walitembea wakiwa wameinama, kwa mikono, msimu baada ya msimu, katika joto la Kalahari, wakiinua kila jiwe ambalo lingeweza kulikwaza gurudumu la chuma. Eneo walilolisafisha lilikuwa mita za mraba milioni 22, na mawe waliyoyaondoa yalizidi tani 15,000. Baadhi yalikuwa madogo kiasi cha kufichika kwenye ngumi.

Huo si uwezo wa timu ya ridhaa, na sitajifanya kwamba Shadle na Zanghi wangeweza kupata watu 317 wa kuinama kwa miaka. Ila unaonyesha bei halisi ya kile kipuri nilichokitaja. Aliyekuwa na serikali nyuma yake aliilipa. Asiye nayo ana njia moja, nayo ni kupunguza: njia fupi zaidi, kasi ndogo zaidi, mbio chache zaidi, mpaka ardhi aliyonayo iwe ile tu ambayo watu wake wameweza kuipitia kwa vidole.

Tarehe 16 Novemba 2019, karibu majuma 12 baada ya Alvord, Andy Green aliendesha Bloodhound kwenye ardhi ile hadi maili 628 kwa saa, km 1,010, akasimama na kushuka kwa miguu yake. Kwa mwendo ule, maili moja ya uwanda ule huisha kwa chini ya sekunde sita.